Maboksi sita ya vitabu, kilo 118, Mwanza hadi Hamburg: Posta, ndege au meli?

Duka la Vitabu Makoroboi

Wakuu, habari za jioni. Nauza vitabu vya Kiswahili mtandaoni, stoo yangu iko Makoroboi hapa Mwanza mjini. Oda za nje nilizozoea ni za kitabu kimoja au viwili: nafunga bahasha, naenda Posta, kinafika. Sasa nimepata mteja wa Hamburg anayewauzia walimu wa Kiswahili na familia za Watanzania walioko huko. Ameagiza nakala 540, nyingi za watoto. Nimezifunga kwenye maboksi sita yanayolingana, sentimita 40 kwa 30 kwa 25, nikayapeleka kwa jirani muuza mchele tukayapima. Jumla kilo 118.

Nimeuliza bei kwenye kampuni moja ya kusafirisha kwa haraka nikaishiwa nguvu. Nauli inakaribia thamani ya vitabu vyenyewe. Mteja anaweza kusubiri hata miezi mitatu, na nauli tunachangia nusu kwa nusu. Hii ndiyo oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata na sitaki initoke mkononi. Aliyewahi kutuma mzigo wa namna hii kutoka Kanda ya Ziwa anisaidie.

Mizani ya Igoma

Hongera kwa oda, mkuu. Kabla hujalinganisha bei, jua kwanza kila njia inakutoza nini: kilo au nafasi.

Kampuni za haraka kwa kawaida huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, hugawa kwa 5000, kisha huchukua namba kubwa kati ya hiyo na kilo za kwenye mizani. Boksi lako ni 30,000. Ukigawa unapata kilo 6. Kwenye mizani lina karibu 20. Utatozwa 20. Mizigo ya kawaida ya ndege hugawa kwa 6000, unapata 5, na bado unalipia 20.

Melini mambo yanageuka. Kwenye kontena la kuchangia wanatoza kwa CBM, yaani mita moja ya ujazo, au kwa tani, chochote kilicho kikubwa. Maboksi yako yote sita ni CBM 0.18. Vitabu ni kama mawe yetu ya hapa Mwanza, vizito lakini havitaki nafasi kubwa. Ukilipia kilo unaumia, ukilipia nafasi unapona.

Duka la Vitabu Makoroboi

Sikuwahi kuliangalia hivyo. Kwa hiyo niende meli moja kwa moja?

Mizani ya Igoma

Ngoja kwanza. Mawakala wengi wana kiwango cha chini cha CBM moja. Ukienda na 0.18 yako utalipia hiyo moja nzima, na gharama za makaratasi hazipungui kwa sababu mzigo ni mdogo. Meli inakuwa tamu ukiwa na maboksi thelathini na zaidi. Kwa ukubwa wa boksi lako, CBM moja inameza 33, karibu kilo 650 za vitabu. Wewe uko katikati, mahali pagumu kuliko pote.

Bibi wa Maktaba

Mwanangu, usiiruke Posta kwa sababu tu umezoea kupeleka bahasha. Nimetuma na kupokea vitabu vya maktaba kwa miaka mingi. Machapisho yana nafasi yake katika kanuni za Umoja wa Posta Duniani. Vitu vya barua mwisho wake kilo 2, lakini vitabu vinaruhusiwa kufika kilo 5. Ukizidi hapo unaingia kwenye kifurushi, ambacho ni kilo 20, na baadhi ya nchi hupokea hadi 30.

Kuna na kitu ambacho wauzaji wengi hawakijui: mfuko wa machapisho, wenyewe wanauita M-bag. Ni gunia maalumu la vitabu, magazeti na majarida yanayokwenda kwa mtu mmoja, anuani moja, hadi kilo 30 pamoja na gunia lenyewe. Hutozwa kwa bei ya machapisho. Kilo zako 118 ni mifuko minne hadi mitano. Nenda Posta kuu ya mjini, omba kuongea na anayeshughulikia barua za nje, umuulize kama Ujerumani iko kwenye orodha yao ya M-bag kwa sasa na bei ya kila kilo ni ngapi. Usiulize "kutuma vitabu bei gani", utapewa bei ya kifurushi au ya EMS, ile huduma ya haraka ya Posta.

Andika anuani kwenye kila furushi ndani ya mfuko pia, si kwenye kibandiko cha nje peke yake. Kibandiko kikichanika, walau vitabu vinajieleza vinakwenda wapi. Na ile fomu ya forodha, CN23, ijaze kwa maneno yanayoeleweka: "vitabu vya watoto vilivyochapishwa, nakala 90", thamani, na namba ya forodha ya vitabu, 4901. Usiandike "zawadi". Hiyo ni biashara na haina aibu yoyote.

Kwa atakayepita hapa siku nyingine: maandishi ya vipofu, kama vitabu vya nukta nundu, hayalipiwi nauli ya posta hadi kilo 7, ila gharama ya nyongeza ya ndege inaweza kuwepo. Nawaomba walimu wa shule za wasioona walijue hili.

Kijana wa Pasiansi

Mimi huwa natafuta mtu anayesafiri. Mashirika mengi ya ndege yanaruhusu kilo 23 kwa begi, wengine mabegi mawili. Watu sita, mzigo umekwisha.

Wakala Mstaafu

Kijana, kwa vitabu vitatu vya shangazi sawa. Kwa mzigo wa biashara hapana. Msafiri anaulizwa uwanjani kama begi amelifunga mwenyewe, na ni haki yake kujibu ukweli. Akifika Ulaya na nakala 90 za kitabu kimoja ataulizwa karatasi, naye hana. Unamtwika mtu mzigo wa kesi yako.

Sasa mwenye mada. Nimefanya kazi ya kutoa mizigo Dar es Salaam miaka mingi, niongezee mambo mawili.

Kwanza ndege, nikimaanisha mzigo wa kawaida wa ndege, tofauti na ile kampuni ya haraka uliyoiuliza. Bei yake inashuka kwa ngazi: kuna bei ya chini ya kilo 45, ya kuanzia 45, ya kuanzia 100, ya 300 na kuendelea. Wenye viwanda vya minofu ya sangara hapo Mwanza wanazijua ngazi hizi vizuri. Wewe una 118, umeshavuka ngazi ya 100, kwa hiyo usikubali kupewa bei ya 45. Na anayekuja na kilo 95 aombe ahesabiwe 100, mara nyingi jumla inashuka.

Ila bei hiyo ni uwanja hadi uwanja. Nauli ya Mwanza hadi Dar, kazi ya wakala wa forodha, na kuutoa mzigo Ujerumani viko pembeni. Hapo ndipo watu wanapogombana na wateja wao. Ukipewa bei yoyote, ya ndege au meli, uliza neno moja: inaishia wapi? Bandarini, ghalani, au mlangoni kwa mteja? Kontena la kuchangia linaweza kuonekana rahisi huku, kisha mteja akakuta gharama za kupakua na za makaratasi Hamburg zinazidi nauli ya baharini. Muombe wakala aandike za pande zote mbili kabla boksi halijatoka stoo.

Pili, makaratasi. Ankara ya biashara, orodha ya mzigo boksi kwa boksi, TIN yako, na tamko la kusafirisha nje ambalo wakala analiingiza TRA. Mteja wako awe na namba ya EORI, ile ya usajili wa forodha ya Umoja wa Ulaya, bila hiyo mfanyabiashara haingizi mzigo Ulaya. Vitabu havina ushuru wa forodha huko, lakini Ujerumani ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 7 kwa vitabu, na hiyo ni ya mteja. Mwambie mapema. Uingereza kwa vitabu vya kuchapwa ni sifuri.

Mwana Musoma

Na kupitia Nairobi je? Kutoka huku kwetu Sirari ni karibu kuliko Dar, na ndege za mizigo ni nyingi.

Wakala Mstaafu

Kwa mzigo mkubwa wa kila mwezi inafaa kupiga hesabu. Kwa maboksi sita unaongeza mpaka mmoja, wakala mmoja na seti moja ya karatasi. Sioni faida.

Mwana Musoma

Nimekuelewa, mzee. Kwa wanaouza Marekani kama mimi: ule msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800 uliondolewa tarehe 29 Agosti 2025, na mashirika mengi ya posta duniani yakasimamisha kwa muda vifurushi vya kwenda huko. Vitabu vyenyewe havina ushuru, lakini lazima viandikwe vizuri kwamba ni vitabu, na namba ya 4901 iwepo. Mimi kabla ya kupokea oda ya huko nauliza dirishani kwanza siku hiyohiyo.

Mwaloni Kirumba

Mmeongea nauli, hakuna aliyegusa kufunga. Naomba nisikilizwe kwenye hili kwa sababu liliniumiza.

Mwaka juzi nilituma maboksi matatu ya vitabu Dar kwa basi. Basi silitaji. Buti lilikuwa na magunia ya dagaa. Vitabu vilifika vizima, havina mchubuko, lakini karatasi inavuta harufu kama sifongo. Mpokeaji alivianika wiki mbili na bado ukifungua ukurasa unasikia soko la samaki la Mwaloni. Nilirudisha hela yote. Vilikuwa vitabu vya hadithi vya watoto wa darasa la pili, na niliwaza yule mtoto anayefungua kitabu chake cha kwanza anakutana na harufu ile.

Kwa hiyo: usitumie boksi lililowahi kubeba samaki, sabuni wala viungo, hata kama ni zuri na la bure. Tafuta katoni mpya za tabaka mbili. Ndani weka mfuko wa nailoni nzito, panga vitabu vikiwa vimelala, mgongo mmoja huku mwingine kule ili rundo lisiiname. Kitabu kisisimamishwe mdomo ukiangalia chini, maana kurasa zitaning'inia na gundi itaachia. Jaza kila pengo kwa karatasi nyeupe. Magazeti yanaacha wino. Tia vipakiti vya kunyonya unyevu, funga nailoni, halafu piga solotepu pana mara mbili kwa umbo la H. Ukilitikisa boksi usisikie kitu.

Kilo 20 kwa boksi ndio mwisho. Mpakiaji wa tatu kulishika boksi la kilo 30 halishushi taratibu, analiachia. Na kama wakala ataweka kwenye paleti ya mbao, iwe na ule muhuri wa HT, mbao iliyopashwa moto nyuzi 56 kwa nusu saa, vinginevyo Ulaya wanaweza kuikataa.

Vikapu vya Ukerewe

Samahani nimechelewa, nimesoma uzi wote. Kaka wa Makoroboi, mimi natengenezesha vikapu na akina mama wa kisiwani, nina mzigo wa Bremen mwezi ujao, unapitia bandari ya Hamburg. Vikapu vyangu ni CBM 0.8, kilo 70 tu. Mimi nina shida yako iliyogeuzwa: nachukua nafasi, uzito sina. Nalipia CBM moja na 0.2 inabaki hewa.

Mizani ya Igoma

Dada, hapo umemaliza. 0.8 na 0.18 ni 0.98. Kilo 70 na 118 ni 188, mbali kabisa na tani. Wote mnaingia ndani ya CBM moja ambayo kila mmoja angeilipia peke yake.

Wakala Mstaafu

Wazo zuri, lakini fanyeni kwa mpangilio. Wapokeaji ni wawili, kwa hiyo kila mmoja awe na ankara yake na hati yake ya kupakilia, msichanganye kwenye karatasi moja. Mwulizeni wakala mapema kama atawahesabia ujazo kwa pamoja, si kila mmoja anakubali. Vikapu namba yake ya forodha ni 4602, ni mmea, vinaweza kukaguliwa, na vikisimamishwa, vitabu navyo vinaweza kungoja. Maboksi ya vitabu yawe chini, vikapu juu, andikeni hivyo kwa maandishi makubwa. Kateni bima ya asilimia 110 ya thamani pamoja na nauli, ndiyo desturi. Na mteja aambiwe ukweli kuhusu siku: kuanzia mwishoni mwa 2023 meli nyingi zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema badala ya kupita Mfereji wa Suez.

Duka la Vitabu Makoroboi

Wabeja sana, wote. Nimeamua hivi. Mfuko mmoja wa machapisho unakwenda Posta kesho, na nakala chache za kila kitabu, ili mteja aanze kuuza. Maboksi matano yanakwenda na vikapu. Kwenda Dar nimepata gari linalorudi tupu baada ya kushusha saruji, nitatandika turubai safi chini na juu. Mama wa Kirumba, maboksi yote nayafungua leo usiku nayafunga upya.

Duka la Vitabu Makoroboi

Nimerudi na mrejesho. Mfuko wa Posta ulifika salama, mteja akaanza kuuza. Maboksi matano yamefika ghalani kwake baada ya siku 74 tangu yatoke Mwanza. Gharama za Hamburg zilikuwepo kama mzee alivyosema, ila tulikuwa tumeshaziandika kwenye makubaliano, hakuna aliyeshtuka. Boksi moja lilipondeka kona, nakala 2 zimekunjika majalada. Nimemuuliza kuhusu harufu, kasema zinanukia karatasi mpya.

Ameomba nakala 300 nyingine. Dada wa Ukerewe, mzigo wako ujao unaondoka lini?