Sanamu ya maboksi na karatasi kwa mradi wa chuo: wazo nilitoe wapi?

Uyole_Sanaa
Habari za humu wakuu. Nasoma ualimu wa sanaa hapa Mbeya. Mradi wa muhula huu ni sanamu ya maboksi na karatasi tu, isizidi sm 60 kwenda juu, isimame yenyewe bila waya, na iambatane na daftari la michoro linaloonyesha wazo limetoka wapi. Mwalimu ameshasema hataki tembo wala twiga. Nafikiria Kimondo cha Mbozi kwa kuwa ni cha huku kwetu. Mnaonaje? Na nianzie wapi? Hela iliyopo ni ya gundi na kisu tu.

Kisu_na_Rula
Salama mdogo wangu. Kimondo achana nacho. Lile ni pande la chuma la mita 3 hivi, na uzuri wake wote uko kwenye uzito na vishimo vya ngozi yake. Kwa karatasi utapata kiazi kilichopakwa rangi.

Usianze na kitu, anza na boksi. Chukua vipande vya sm 20 kwa 20 uone boksi linafanya nini bila kulazimishwa: linapangika tabaka kwa tabaka, linakunjika kirahisi kufuata mawimbi yake ya ndani, linachubuka ngozi moja mawimbi yakabaki wazi, na likishachubuliwa linaviringika. Josef Albers alifundisha hivyo kwenye chuo cha sanaa cha Bauhaus, Ujerumani, miaka ya 1920: mwanafunzi anapewa karatasi tupu, aifanye isimame kwa kuikata na kuikunja. Msanii Picasso naye mwaka 1912 alitengeneza gitaa la boksi, karatasi na uzi. Hakuchonga bonge, aliunganisha vipande bapa na ndani akaacha panaonekana.

Ukishajua boksi linapenda nini, ndipo utafute huku kwetu kitu kilichojengeka hivyo hivyo. Tabaka: nguzo za asili za Isimila, karibu na Iringa. Mikunjo: jani la mgomba, liko kila uwanja Tukuyu. Mistari: mashamba ya chai ya Mufindi yakitazamwa toka juu ya kilima, na hapo boksi lililochubuliwa linafanya nusu ya kazi. Chora kila kimoja mara kadhaa, kwa pembe tofauti. Daftari litajijaza lenyewe.

Kaki_Iringa
Kamwene. Naunga mkono Isimila. Nguzo zile zimebaki baada ya maji kumomonyoa bonde, na mistari ya tabaka inaonekana kwa macho. Ukikata boksi ukalipanga tabaka kwa tabaka, ubavu uliokatwa unakupa mistari tayari, usipake rangi hata kidogo. Maandishi ya boksi yageukie chini.

Boksi la kawaida lina unene wa mm 3 hadi 4. Nguzo ya sm 40 kwa boksi la mm 4 ni tabaka 100. Usiogope, hutachora zote. Chora umbo la mbele na la ubavuni kwenye karatasi ya miraba, pima upana kila baada ya tabaka 4, tatu za katikati zikadirie kwa jicho. Kata pete badala ya vipande vizima, upana wa pete sm 3: kitovu kinachotoka kwenye pete ya chini kinakuwa pete ya juu zaidi, pale nguzo inapokuwa nyembamba, na sanamu inakuwa nyepesi. Hakikisha tu kila pete inakaa angalau nusu ya upana wake juu ya mwenzake. Andika namba na mshale wa mbele kwenye kila pete kabla ya kuiachia mkononi. Zikichanganyika hutazipanga tena.

Makosa yanayoharibu kazi hii ni mawili. La kwanza ni gundi nyingi. Gundi nyeupe ina maji, upande uliolowa unatanuka na boksi linapinda. Paka nyembamba kwa kipande cha manila, na kila tabaka 10 weka uzito wa vitabu kwa nusu saa. La pili ni kisu butu: hakikati, kinaponda mawimbi, na ubavu ndio unaoonekana. Vunja ncha mara kwa mara na pitisha kisu mara tatu kidogo kidogo.

Kuhusu mwelekeo wa mawimbi, ukizungusha kila tabaka robo duara nguzo inanyooka zaidi, ila kwa kila upande utaona tabaka moja lina matundu na linalofuata limefungwa. Mimi napenda hivyo. Wengine hawapendi.

Manila_Tupu
Isimila sawa, ila mnamchosha kijana kwa pete 100. Pale pale Isimila kuna zana za mawe za kale, zile zenye umbo la tone na nyuso nyingi zilizobanduliwa. Hilo ni umbo la mikunjo! Likuze liwe sm 50, ngozi yake igawe pembetatu, tengeneza kwa manila shiti mbili.

Mistari ya kukunja ipitie kwa peni iliyoisha wino na rula, usikate. Acha masikio ya mm 8 ya kugundishia ndani. Uso ukizidi sm 12 manila inalegea na kubonyea, bandika ukanda wa boksi kwa ndani. Uso wa mwisho uwe mkubwa na uwe nyuma, maana ndio ambao vidole havitafika ndani kuubana. Isimame kwa kuweka maboksi yaliyoviringwa na kubanwa sana chini kwenye kitako kinene.

Uyole_Sanaa
Ndaga sana wakubwa. Kimondo nimekiacha, nachukua zana ya mawe. Swali: nikitaka ngozi yake iwe ngumu, nibandike karatasi kwa uji wa ngano? Huku mvua haijakatika.

Kaki_Iringa
Unaweza, ila tabaka mbili tu, pembe zisije zikazama. Koroga kikombe 1 cha unga na kikombe 1 cha maji baridi, mimina vikombe 4 vya maji yanayochemka, koroga motoni dakika 3, kisha nusu kijiko cha chai cha shabu ya unga kuzuia ukungu. Uupake ukiwa umepoa. Karatasi ichanwe kwa mkono, vipande vya sm 3, ukingo uliochanwa hauachi mstari. Tabaka la kwanza gazeti, la pili kaki, ili uone palipobaki. Kaki ina nguvu kwa sababu ya nyuzi ndefu za mipaina. Ile ya Mgololo, Mufindi, inafaa, na ni hoja nzuri ya daftari kwamba hata malighafi ni ya nyanda hizi.

Usipake la pili kabla la kwanza halijakauka kabisa. Ligusishe shavuni: likiwa baridi bado lina maji, na ukilifunika hivyo utaona madoa meusi ndani ya wiki. Usikaushe karibu na jiko la mkaa, upande mmoja utajikunja na mshono utafunguka. Weka penye upepo, geuza kila saa chache.

Kisu_na_Rula
Na kabla ya kubandika chochote, dondosha tone la maji kwenye boksi. Likisimama bila kunyonywa, boksi lina nta, na gundi ya maji haitashika. Maboksi ya parachichi mara nyingine yako hivyo. Ya sabuni na biskuti hayana shida.