Likizo ya Agosti na watoto: twende Ssese, au tujaribu mashua ya tanga karibu na Kampala?

Mama Swaleh, Bombo

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Shule zikifungwa mwishoni mwa Agosti, tumeazimia kuwapeleka watoto Ziwa Viktoria. Mume wangu ametamani mashua ya tanga kwa muda mrefu, na amesikia kwamba Kaazi, kusini mwa Kampala, wako watu wanaotweka matanga mwishoni mwa juma. Mama mkwe, ambaye alikulia Masaka, anataka visiwa vya Ssese na hasikii lingine. Watoto ni watatu, mkubwa ana miaka 14 na mdogo miaka 6, na hakuna hata mmoja anayejua kuogelea.

Nina hofu mbili. Sijasahau Novemba 2018, boti ya starehe ilipozama upande wa Mukono na kuua zaidi ya watu 30. Tena kila mtu ananionya juu ya kichocho. Naomba ushauri wa watu wanaolijua ziwa: tuchague safari ipi, na tuiendeeje ili nirudi na wanangu salama?

Mzee wa Nakiwogo

Mwanangu, mama mkwe wako amechagua vema. Njia ni mbili. Kivuko cha MV Kalangala huondoka hapa Nakiwogo, Entebbe, mchana na kufika Lutoboka, katika kisiwa cha Bugala huko Ssese, jioni, safari ya saa tatu na nusu hivi. Uliza siku moja kabla, kwa maana husimama mara kwa mara kwa matengenezo, na siku hiyo ndipo abiria waliokwisha kufunga mizigo hukimbilia boti za mbao kwa kuona haya kurudi nyumbani. Ikitokea hivyo, rudini nyumbani.

Kwa familia yenye mzee na watoto, mimi ningepita Masaka. Mtavuka mstari wa ikweta pale Kayabwe, watoto wapige picha, kisha mtateremka hadi Bukakata ambako kivuko hubeba magari na watu bila malipo hadi Luku, katika kisiwa hichohicho cha Bugala. Kutoka hapo ni barabara ya muramu katikati ya mashamba ya michikichi. Msitu wa zamani umepungua sana, jambo linalonihuzunisha, lakini fukwe za Lutoboka bado ni nzuri.

Muuguzi, Masaka

Dada, kichocho kipo, na ni kweli kwamba kinazuilika kwa sehemu kubwa ukijua kinakokaa. Konokono wanaokibeba huishi kwenye maji ya kina kifupi yaliyotulia, penye nyasi na magugu, hasa pale watu wanapofua, wanapooga na kuteka maji. Vimelea hutoka kwa konokono kwa wingi jua likiwa kali na huingia mwilini kupitia ngozi katika dakika chache, kwa hiyo kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea. Watoto wajenge nyumba za mchanga wapendavyo, ila wasicheze majini kandokando ya mafunjo.

Wakigusa maji, wapeleke kituo cha afya baada ya wiki sita hadi nane. Usiwape prazikwanteli, dawa ya kichocho, siku ya kurudi ukadhani umemaliza, kwa sababu dawa hiyo haiui minyoo ambayo bado ni michanga.

Mshika Usukani

Mama Swaleh, nimeendesha mashua za tanga ziwani humu tangu ujana, na naomba nimtetee mumeo. Asubuhi ziwa la upande wetu mara nyingi huwa shwari, labda kuwe na mvua ya radi iliyotoka ziwani usiku. Kuelekea adhuhuri nchi kavu hupata joto na upepo huanza kuvuma kutoka ziwani. Huo ndio upepo wetu. Tanga hujaa, mashua huinama kidogo, na mtoto aliyekuwa akilalamika hunyamaza na kushika kamba kwa mikono miwili. Lakini upepo huohuo huinua mawimbi ambayo mtumbwi uliojazwa watu hauyawezi. Ukiona wingu jeusi limesimama juu ya maji, usiondoke ufukweni, hata kama mwenye boti anakuapia kwamba litapita.

Suala la jaketi la kuokoa maisha nitalisisitiza. Mvalishe mtoto, funga kila kamba, kisha shika jaketi mabegani na umwinue. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno, na majini atachomoka. La mtoto wa miaka 6 liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Nunueni zenu Kampala, kwani boti nyingi zina za watu wazima tu.

Kwa siku ya kwanza, apande mumeo pamoja na huyo wa miaka 14.

Mkiga wa Kabale

Iwapo kichocho ndicho kinachokunyima usingizi, fikiria Bunyonyi. Ziwa letu linajulikana kwa kutokuwa na kichocho, mamba wala kiboko. Maji ni ya baridi na kina huanza ghafla, kwa hiyo wasioogelea wasithubutu kuruka kutoka gatini bila jaketi.

Mama Swaleh, Bombo

Nawashukuru nyote kwa moyo mkunjufu. Tumekubaliana: tutakwenda Ssese kupitia Bukakata, mama mkwe apate kuwaona ndugu zake Masaka, na baba na mkubwa wataenda Kaazi Jumamosi baada ya kurudi. Bunyonyi tumeiweka kwa likizo ya Desemba. Limebaki moja: mama mkwe anataka tukiwa Bugala tukodi boti ndogo kutembelea kisiwa cha jirani. Nimkubalie?

Mzee wa Nakiwogo

Mkubalie kwa masharti. Muondoke asubuhi na kurudi kabla ya saa sita, idadi ya watu ikubaliwe kabla ya kulipa nauli, na nahodha akipakia hata abiria mmoja wa ziada, mteremke.