Paa la gari yangu ni KITAMBAA siyo tairi! Nani kawaambia mpake polishi ya dashibodi?

Wakuu nivumilieni, leo natema nyongo, nikiendelea kukaa kimya nitakuja kumrukia mtu mwilini.

Nina Mazda MX-5 kizazi cha tatu, kile kigari cha viti viwili cha paa la kukunja, na yangu ni ya paa la kitambaa. Siyo vinaili, KITAMBAA. Hilo neno nitalirudia mpaka mlichoke kwa sababu huyo jamaa niliyempelekea gari aioshe nilimwambia mara tatu kwa mdomo wangu mwenyewe, nikaligusa paa na kidole nikamwonyesha nyuzi zake, akaitikia "usijali bosi, hizi tunaosha kila siku". Nikamwamini nikamwachia funguo nikaenda zangu.

Narudi baada ya masaa mawili nakuta gari inang'aa mpaka paa. Wakuu, PAA LINANG'AA. Paa la kitambaa likiwa zima haling'ai hata kidogo, linatulia hivi kama koti jeusi lililotoka kupigwa pasi, sasa langu lilikuwa linameremeta kama kiatu cha askari wa gwaride. Nimeligusa, kiganja kimetoka na mafuta. Umepaka nini hapa? Akanionyesha chupa, ile ile ya kupakia dashibodi na tairi, silikoni tupu, na jinsi anavyojisifu sasa, "nimekurudishia weusi wake bosi".

Na hiyo ndo ilikuwa nafuu. Nazunguka naangalia mshono wa juu ya dirisha la abiria nakuta kitambaa kimeota manyoya kama sweta la zamani. Kumbe walipiga presha ile mashine ya kuoshea injini na chasisi, na walipiga kwa karibu kabisa, eti uchafu ulikuwa umeng'ang'ania. Nani aliwatuma? Presha ya karibu inanyanyua nyuzi na inasukuma maji yapite kwenye matundu ya sindano, na mshono ukishaanza kulegea hakuna chupa duniani ya kuurudisha, hapo unaongelea fundi wa kushona au paa jipya.

Bado. Walivyomaliza na presha wakalikunja paa LIKIWA LINACHURUZIKA MAJI ili wapate nafasi ya kupiga vakyum ndani. Halafu wakalifunga tena, wakapaka hiyo mafuta yao juu ya unyevu. Yaani maji yamefungiwa ndani ya kitambaa. Siku ya nne nafungua mlango napokelewa na harufu ya stoo iliyosahaulika, na kwenye mikunjo ya bitana vidoadoa vya ukungu vimeshaanza kutoka.

Nimerudi kwao kistaarabu kabisa (mwanzoni). Jibu nililopewa, sikilizeni, "mbona ilikuja nyekundu kama hii hii tukaipaka hivi hivi na mwenyewe alifurahi". Ndipo nikaelewa tatizo liko wapi. Hiyo nyekundu lazima ilikuwa ya vinaili! Kuna MX-5 kibao zimetoka na paa la vinaili, na vinaili ni plastiki, ni kama ngozi ya sofa la bei rahisi, ukiipaka dawa ya vinaili inakaa juu na haizami. Kitambaa kimefumwa, unachomimina juu kinaingia katikati ya nyuzi, kinakaa humo, kinakusanya vumbi lote, na baada ya muda mfupi una paa lenye mabaka ya kijivu yanayonata. Kutofautisha hizi mbili hakuhitaji cheti wala darasa, pitisha kiganja tu! Ukisikia ulaini wa plastiki ni vinaili, ukisikia mkwaruzo wa turubai ni kitambaa. Sekunde mbili. Mtu anayeosha magari kila siku hana sekunde mbili?

Na kuna hawa wanaodhani mvua inazuiwa na hiyo dawa ya kupaka juu. Hapana jamani. Mapaa mengi ya kitambaa yana tabaka tatu zilizogandishwa pamoja, juu kitambaa cha kufumwa, katikati raba, chini bitana unayoiona ukiwa umekaa kwenye kiti. Anayezuia maji yasikudondokee kichwani ni ile raba ya katikati. Dawa ya juu kazi yake ni kufanya kitambaa chenyewe kisinywe maji, maana kikinywa kinakuwa kizito, kinachelewa kukauka, kinaota ukijani na ukungu, na kinaoza taratibu kuanzia kwenye mishono. Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona halivuji, liko fresh" mpuuze, linaweza lisivuje na bado linakufa.

Sasa nije kwa nyinyi wenzangu maana na nyinyi mna lenu. Jana usiku nimesoma ushauri mpaka saa nane, nusu yake ni wa kumfunga mtu. Mmoja anasema paka blichi ya nguo kuondoa ukijani. Blichi! Inakula rangi, inakula uzi wa mshono, halafu ikichuruzika inakuharibia na raba za milango. Mwingine anasema sabuni ya unga na brashi ngumu ya sakafu. Mwingine eti pitisha kwenye mashine ya kuosha yenyewe ya mabrashi, chagua na ile ya nta ya moto. Nta juu ya kitambaa wakuu, hivi mnalijua paa au mnalisikia? Hao watu wana magari kweli au wana hasira na wenye nayo?

Mi nilivyokuwa nafanya kabla sijamwamini mtu, na paa lilikuwa zuri: vumbi linatoka kwanza likiwa kavu kwa brashi laini au vakyum, maana ukimwagia maji juu ya vumbi umetengeneza tope na tope linazama. Kisha maji ya kawaida, shampuu ya mapaa ya kitambaa isiyo kali, brashi ya nywele laini, unafuata mwelekeo wa kitambaa bila kukomaa sehemu moja, unasuuza mpaka povu liishe KABISA. Kinyesi cha ndege unakilowesha kwa kitambaa chenye maji mpaka kilainike, ukikikwangua unakishindilia ndani. Halafu unaliacha lifungwe, limevutika vizuri, likauke lenyewe, hata ikichukua siku nzima. Dawa ya kuzuia maji inapigwa likiwa kavu kabisa, kivulini, vioo na bodi umevifunika kwa sababu ikikaukia kwenye kioo utajuta. Ni kazi ndefu inayoboa, ndo maana nikaona nimpe mtu. Hilo kosa ni langu, nakubali, na dawa yenyewe nilikuwa sijairudia zaidi ya mwaka.

Kitu kingine ambacho hakuna anayekigusa ni matundu ya kutolea maji. MX-5 inayo nyuma ya viti, kila upande, maji yanayoshuka kutoka kwenye paa yanapita humo yanatokea chini ya gari. Hawa jamaa na presha yao wamesukumia majani na takataka zote humo humo. Upande wa abiria umeziba, zulia limelowa, na maji yakikaa pale ndo mwanzo wa kutu kwenye vizingiti vya milango, waulizeni wenye MX-5 za zamani watawahadithia huku wanalia. Nimezibua kwa waya laini wa plastiki taratibu (usitumie waya wa chuma utatoboa), limetoka tope jeusi la kujaza kiganja.

Enhe na wale wenye zile za kwanza kabisa, za 1989 mpaka 1997, zenye kioo cha nyuma cha plastiki, naombeni msimpe mtu yeyote gari awaoshee. Kile kioo kinafunguliwa zipu kwanza ndo paa likunjwe, mtu asiyejua atalikunja hivyo hivyo na plastiki itabaki na mstari mweupe wa kudumu, na kukiwa na baridi inapasuka kabisa.

Ninachotaka kujua sasa: nani amewahi kutoa silikoni kwenye kitambaa akafanikiwa? Nimeshaosha mara mbili na shampuu na maji ya uvuguvugu, povu bado linatoka na utelezi. Siwezi kupiga dawa ya kuzuia maji juu ya mafuta, haitashika. Na ukungu wa kwenye bitana mnautoaje bila kuiachisha gundi? Msiniambie petroli, atakayeandika petroli namuwekea kinyongo.

NYONGEZA: naona mmejibu wengi, asanteni. Kwa yule aliyesema mwagia maji kidogo, yakibiringika paa liko salama: nimemwagia kikombe kizima leo asubuhi. Katikati yanabiringika vizuri mno. Pembeni kwenye mishono yanazama papo hapo. Katikati ndipo yule muosha magari alipopaka ile chupa yake mkuu, kinachobiringisha ni silikoni. Pale ambapo hajafika na mafuta yake ndo nimeona hali halisi ya kitambaa changu.

NYONGEZA 2: jamaa kanipigia. Amesema nilete gari, atanifanyia bure, ana dawa nyingine kali zaidi ya kutoa hiyo ya kwanza. Nimekata simu.