Tupeane uzoefu: wenye mulishaingia chini ya Kivu (ao maji ingine) na chupa ya hewa ku mugongo

Himbi_chini
Bandugu jambo. Siku hizi habari za wapiga mbizi ziko mingi, mara boti ya watalii imezama kule Misri mu Bahari Nyekundu (ile ya Novemba 2024), mara mutu amevunja rekodi ya kushuka, na kila mutu anatoa maoni sawa vile alikuwa mule ndani. Sawa, ni vizuri kufuata. Lakini siye wenye tuko na ziwa ya mita 480 kwenda chini hapa ku mulango, mbona ya kwetu hatuiongelee? Najua tuko kidogo. Kuna wenye walijifunza Zanzibar ao Mombasa, kuna wa kazi za bomba na mabarge, kuna na wale wa mashirika wenye komputa yao ya mukono inapita bei ya pikipiki. Kila mutu aseme kenye aliona yeye mwenyewe, video za intaneti tuache.

Naanza miye. Fasi ninapenda ni hapa Goma, kule lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilifikia maji. Juu unaona tu mawe meusi na ba mama wanafua, lakini ukishuka mita sita saba unakuta ile lava iliganda vipande vipande, iko na matundu mingi na makali, ukishika bila glavu inakata kidole na hausikii mpaka utoke. Mu matundu kuna kaa wadogo na samaki wadogo wa rangi wanakuchungulia wanarudi. Kisha mita 15 hivi kijani yote inaanza kuwa nzito. Na takataka, ee Mungu. Mifuniko ya bidoni, sapato mguu mumoja mumoja, siku moja nikakuta kiti ya plastiki nyeupe imesimama yenyewe sawa kabisa ku mchanga, kaa mukubwa amekaa chini yake kwenye kivuli. Nikaikalia. Mwenzangu alicheka mpaka maji ikaingia mu maski yake ikabidi tupande.

Haya, leteni zenu.

Sambaza_Nguba
Bukavu hapa 🙌 Yangu ni fupi. Mugeni wetu mumoja alitoka Mombasa, mutu wa bahari miaka mingi, akavaa vipande vya risasi vya uzito wa kumushusha vile vile anavaaga kule kwao. Tukamwambia grand, punguza, hii maji haina chumvi, haikubebi sawa ya bahari ikubebe. Akasema anajua. Tulimuona anashuka mbele yetu mikono juu, jile (ile koti ya kujaza hewa) anaijaza kwa haraka, akasimama mita 14 hivi fasi siye tulipanga mita 8. Hakuumia, lakini kufika juu alitoa vipande viwili bila kuambiwa na hakuongea tena mpaka chakula.

Mama_Keshero
Wanangu, miye mambo ya chupa sijui, niko nauza sambaza tu, wale samaki wadogo wa ziwa. Lakini mutoto wangu kijana amenishika na hii maneno, anataka kufundishwa. Swali langu ni moja. Ile gesi wanasema iko mu ziwa, haitamukamata kule chini? Ju siye tulikua tunaambiwa siku moja Kivu itafanya sawa ile ziwa ya Kameruni.

Bwana_Presha
Mama, heshima kwako. Nitakujibu polepole ju hii swali kila mutu anaiuliza.

Ile ya Kameruni ni ziwa Nyos, mwaka 1986, gesi ya kaboni ilitoka usiku moja ikaua watu zaidi ya 1,700. Kivu iko na gesi mingi kupita Nyos mbali sana, lakini imefungwa chini na uzito wa maji, ile mingi inaanzia kama mita 250 kushuka. Hata ile kampuni ya Rwanda kule Karongi yenye inatoa methani ya kufanya kuran (umeme), bomba zao zinavuta maji toka chini ya mita 300. Mutoto wako akifundishwa vizuri ataanzia mita 18, akiendelea 30, na mutu wa kawaida mwisho wake ni 40. Hatafika kwa ile gesi.

Kwenye nitamuogopea mutoto wako ni mbili. Ya kwanza ni mazuku, ile gesi ya kaboni yenye inatoka mu udongo inajikusanya mu mashimo, na hii Mama unaijua kuliko miye. Tuko na tabia ya kuvalia vifaa mu shimo shimo pale pembeni ya maji ili watu wasituone tukibadilisha nguo, na pande za Bulengo na kwenda Sake ile njo fasi mazuku inalalaga, zaidi asubuhi mapema wakati upepo bado. Mutu anainama kufunga mukanda, anasikia kizunguzungu, anafikiri ni njaa. Siye tunavalia juu ku barabara, watu wacheke tu. Ya pili ni ghuba ya Kabuno. Ile ni kama ziwa ingine ndani ya ziwa, gesi pale haingoji mita 250, maji yenye kaboni mingi inaanza mita 11 ao 12 hivi. Kabuno hapana. Hata akiambiwa ni bure, hata akiambiwa ni kazi ya dolari.

Mama_Keshero
Aksanti sana. Nitamusomea hii yote. Ile ya Kabuno nitamusomea mara mbili.

Enfirmiye_Katindo
Naona watu wanaongea mambo ya chini, miye kazi yangu iliniletea mambo ya juu. Iko ndefu munisamehe.

Wakati volkano ilikuwa bado inapokea watalii, kulikuwa wageni, mume na bibi yake, walipiga mbizi Jumamosi mara mbili karibu ya kisiwa cha Tchegera, asubuhi na mchana, wakafurahi, wakalala, na kesho yake asubuhi wakaenda kupanda Nyiragongo. Mwenye aliwapangia safari (sitamutaja) aliweka yote mu programu moja, maji leo mulima kesho, na juu ya karatasi ilionekana vizuri kabisa. Watu wa pwani hawaelewi shida iko wapi ju kwao hakuna mulima. Ukiwa chini unapumua hewa yenye presha, azoti (nitrojeni) inaingia mu damu na mu nyama ya mwili. Ukipanda polepole inatoka yenyewe bila kelele. Ukipunguza presha haraka inafanya mapovu, yanajibana mu viungo, mu uti wa mgongo, popote. Avioni inapunguza presha, kila mutu anajua hii, wale wa DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, wanasema ngoja angalau saa 12 ukiwa umeshuka mara moja, saa 18 ukiwa umeshuka mara nyingi. Lakini mulima ni avioni bila tiketi. Goma tuko mita 1,460, kule juu ku mdomo wa volkano ni 3,470.

Yule bibi alianza kusikia maumivu ya kiwiko katikati ya njia, akasema ni mukoba. Kufika juu ikawa bega, na ngozi ya tumbo inamuwasha yenye madoa. Mume wake anamusugua na pomada! Usiku, baridi, saa tisa wananipigia simu miye niko kwangu. Niliuliza swali moja tu, jana mulikuwa wapi? Waliposema Tchegera nikawaambia mushuke sasa hivi, asitembee kwa nguvu, mumupe maji anywe, na hapa chini nikaanza kutafuta oksijeni. Chupa ya oksijeni yenyewe niliipata nusu, manometre yake kioo imepasuka, na ile mashine ya kuchuja hewa yenye iko ku vituo vyetu haitoi oksijeni safi ya kutosha kwa ugonjwa hii. Alipumua ile nusu chupa yote na maski imebanwa vizuri, maumivu ikapungua. Chumba cha presha, kile cha kutibia ugonjwa hii, hapa kwetu hakuna. Bahati yake haikufika ku miguu.

Na musiseme volkano imefungwa basi imeisha. Avioni iliacha kutua Goma Januari 2025, watu wakaanza kutokea Gisenyi kwa barabara, na ile barabara ya Musanze inapanda. Kwenda Masisi inapanda. Bukavu kwenda kuangalia gorila Kahuzi inapanda, unapita mita 2,000. Ukitoka ku maji lala, kunywa maji, kula fufu yako, barabara ni kesho kutwa.

Himbi_chini
Grand hii ingepaswa ibandikwe ku kila hoteli ya pembeni ya maji.

Niongeze hesabu kidogo kwa wenye komputa zao. Muangalie kama iko kwenye hali ya mulima, zingine zinajigeuza zenyewe zingine unaigeuza kwa mukono. Juu ya maji yetu presha ya hewa ni kama 0.85 ya ile ya pwani. Baharini presha inakuwa mara mbili ku mita 10, hapa ku mita 8 na kitu. Mita 18 ya Kivu, ukisoma jedwali ya bahari, uihesabu kama 21. Watu wanapuuza ju namba inaonekana ndogo.

Koloko_ya_Birere
Musisahau kompresa. Siye tulijaziwa chupa fasi fulani mu jiji (siitaji), kuran ilikatika wakaamsha jenereta, na mupira wa kompresa unavuta hewa pale pale mosi ya jenereta inatokea. Chini, mita kumi tu, kichwa kikaanza kuuma pande zote mbili, mwenzangu midomo yake ilikuwa nyekundu sana sana. Tukatoka tukatapika. Ile mosi haina harufu yote unavyofikiri, ile mbaya kabisa haina harufu hata kidogo. Sasa hivi nasimama pale mwenyewe wakati wanajaza, naangalia upepo unaenda wapi. Wananichukia, hakuna shida.

Bwana_Presha
@Koloko ulipewa oksijeni?

Koloko_ya_Birere
Tulipewa Fanta 😂 hapana, kweli, hatukujua. Tulilala tu ku nyasi mpaka jioni.

Mutu_wa_barge
Miye nafanya kazi za chini, si starehe. Kufungua kamba yenye imejifunga ku propela, kuangalia bomba, kutafuta injini yenye imeanguka. Huoni kitu, unafanya kwa vidole. Siongei mingi lakini nitasema moja ju watu wanatuuliza.

Tarehe 3 Oktoba 2024, ile boti ya Minova ilizama karibu ya Kituku, watu wanaangalia toka ku nchi kavu. Mulikumbuka barabara ya Sake ilikuwa imekatwa na vita, watu wote walipita kwa maji, boti imejaa kupita. Jioni watu walinijua, wakanikuja na picha ku simu, huyu ni dada yangu, huyu ni mama, shuka. Nilikuwa na chupa moja haijajaa, tochi ya mukono, hakuna mwenzangu, hakuna kamba ya kunirudisha. Na pale Goma chini haikai sawa, inaenda inaanguka, ukiacha mawe kidogo tu umeshapita mita 40. Nilikataa. Walinitukana na niliwaelewa.

Wenye wanafikiri ni mambo ya roho nguvu wakumbuke Likoni kule Mombasa 2019, gari la mama na mutoto wake lilianguka toka ku feri, lilikuwa mita 58 tu, na kulikuwa wanajeshi wa maji wa Kenya na wapiga mbizi walioitwa toka nje, na vifaa, na ilichukua karibu wiki mbili. Hapa tunataka kijana mumoja na chupa ya kukopa. Miye naomba kitu kidogo, kamba ndefu, watu wanne wenye wamefundishwa pamoja, na orodha ya abiria yenye ni ya kweli. Hii ya mwisho haiitaji hata kuogelea.

Yaya_wa_Kamalondo
Pole sana yaya. Njo vile.

Miye niko Lubumbashi, huku hatuna ziwa ya maana, lakini nilifanyaga kazi Moba, ku Tanganyika, mu mambo ya samaki ba rangi wenye bazungu banaweka mu vyombo vya kioo ku nyumba. Baleki bangu bakicheka hii kazi miye nabaacha. Unashuka na nyavu mbili ndogo, unasukuma samaki polepole toka ku mawe mpaka anaingia mwenyewe. Sasa kuna ule samaki mukubwa mwenye paji ya uso imevimba, mwenye mistari, anakaa chini sana. Huyu huwezi kumupandisha moja kwa moja, kibofu chake cha hewa kinavimba anageuka tumbo juu anakufa. Banamuweka mu kikapu chenye kifuniko, kamba, banamupandisha mita kidogo, banangoja, kesho ingine kidogo. Samaki anapewa siku mingi za kupanda, na musimamizi ule ule wa kazi alikuwa anapiga mupira wa hewa tunapumulia ju siye tupande haraka, mafuta ya kompresa inaisha! Nilimuuliza patron, kati yangu na samaki nani bei kali. Alijibu bila kucheka.

Sambaza_Nguba
Alijibu nini?

Yaya_wa_Kamalondo
Leki, samaki anaendaga Ulaya na avioni. Miye nilirudia Lubumbashi na kamio.

Lac_Vert_Boy
😭😭😭

Miye sina uzoefu bado, niko najifunza. Lakini habari yenye ilinitia hii ugonjwa ya kupenda mbizi ni ya yule mupishi wa Naijeria, Harrison Okene, boti yake ilipinduka 2013, akakaa saa 60 hivi mu chumba chenye hewa imebaki, mita 30 chini, gizani, wapiga mbizi waliingia kutafuta maiti wakaona mukono, wakaushika, mukono nao ukawashika. Wenzake wote walikufa. Wakamuweka mu chumba cha presha kabla ya kumurudisha ku hewa ya kawaida. Na kisha huyo huyo Okene akaenda kusoma kupiga mbizi, akawa mupiga mbizi wa kazi. Nawaza sana ile.

Swali yangu kwa wakubwa: niko na mafua tangu juzi na kesho mufundishaji wangu ameniweka ku mita 6. Niende na dawa ya pua?

Enfirmiye_Katindo
Petit, usiende. Dawa inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, utashuka vizuri na masikio yatakufungia ku kupanda. Mwambie mufundishaji, na akikasirika nipe namba yake kwa siri.

Lac_Vert_Boy
Sawa grand. Nitaenda kubeba chupa za wengine tu.

Mutu_wa_barge
Uvalie juu ku barabara.