Gemu imeandikwa Early Access, nimwekee bro pesa ama niache?

Nyar_Nyalenda
Wadau habari zenu, naomba mnieleweshe hii maneno kabla sijakosana na mtu hapa kwa nyumba. Bro yangu mdogo ako form two, wamefunga shule, na simu anatumia ni ile yangu ya zamani lakini Play Store bado iko kwa akaunti yangu, so akitaka kununua kitu lazima ipitie M-Pesa yangu. Sasa kuna gemu ya vita amepata, anataka nimlipie paki ya 1,300, ati ni ya wachezaji wa kwanza na gemu ikitoka rasmi haitauzwa tena. Nikaenda kwa Play Store nisome watu wanasema nini, venye mimi hufanya na apu yoyote, nikapata hakuna nyota hata moja, hakuna komenti, imeandikwa tu Early Access. Ingine hapo chini imeandikwa Pre-register, na kwa simu ya rafiki yangu kuna ingine imeandikwa beta. Hizi zote ni kitu moja? Na mbona hakuna komenti, ni wakora ama?

MtotoWaKondele
Sis mlipie tu, likizo ni refu 😂

Fundi_Nax
Sister si lazima wawe wakora. Early Access maanake gemu bado inatengenezwa na wenyewe wameamua kuifungua kwa umma watu wajaribu. Ikiwa kwa hiyo hali Play Store hairuhusu mtu kuweka nyota wala komenti ya kuonekana na wote, ukiandika kitu inaenda kwa developa peke yake. Kwa hivyo kukosa nyota si dalili ya wizi, lakini pia ujue hapo hakuna mtu atakuonya mapema, kama kuna mtu aliliwa pesa jana wewe hutaona.
Pre-register ni kujiandikisha tu, hakuna kitu ya kucheza bado, siku ikitoka unatumiwa arifa na kama uliruhusu inajipakua yenyewe (hapo uangalie data yako, hizi gemu za siku hizi ni GB mbili tatu bila aibu). Ile ya rafiki yako nadhani ni apu ilishatoka kitambo na yeye alijiunga na beta, anapewa vesheni mpya kabla ya wengine. Ukichoka unatoka, unafuta apu, unaiweka tena ile ya kawaida.

Lurambi_Koda
Fundi amesema vizuri, wacha niongeze kwa upande wa wale tunatengeneza apu. Kimsingi alfa ni gemu bado inajengwa, vitu vingine havijawekwa hata, beta ni vitu vingi viko ndani na sasa watu wanawinda makosa. Hiyo ndio maana ya kitabu. Kwa ukweli kila kampuni inajiitia venye inataka. Google inaangalia kama umefuata sheria zake, haikai chini kupima kama gemu yako imeiva asilimia ngapi, so unaweza pata Early Access iko sawa kuliko gemu imetoka kabisa, na ingine ni ramani moja na menyu haifunguki.
Halafu kuna majaribio ya aina ingine hamtaona kwa Play Store, yale ya kualikwa. Akaunti ya developa ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 lazima ipate watu wa kuijaribu siku 14 mfululizo ndio iruhusiwe kutoa apu kwa umma. Mwanzo walitaka watu 20, Desemba 2024 wakashusha ikawa 12. Ndio maana mnaona vijana wa campo huku Kakamega wakiomba email zenu kwa magrupu ya WhatsApp, wengine mnadhani ni kamari. Mkijua mtu msaidieni jameni, na link iwe inaelekea Play Store yenyewe. Akikutumia faili ya APK (apu ya kuweka kwa simu bila kupitia Play Store) kwa Telegram akisema ni beta, hiyo wachana nayo.

Omera_Milimani
Mimi naona mnamtisha dada bure. Hizi paki za mwanzo mara nyingi huwa bei rahisi kuliko baadaye na hiyo pesa ndio inasaidia gemu imalizike. Nimenunua kadhaa na bado nacheza.

Fundi_Nax
Omera sikatai, wewe unalipa na pesa yako na unajua unaingia wapi. Hapa ni mtoto wa form two na M-Pesa ya sister yake. Watu wengi wanadhani juu ni majaribio basi na pesa ni ya majaribio. Kwa iPhone ukijaribu apu kupitia TestFlight, ile ya Apple ya majaribio, ni kweli hukatwi ukinunua vitu ndani, na kila vesheni inakufa baada ya siku 90. Lakini Android kwa hizi za kufunguliwa umma unakatwa kama kawaida, isipokuwa developa mwenyewe ameweka akaunti yako kwa orodha ya wale hawatozwi, na hawezi kukuweka kama hakujui.

Lurambi_Koda
Na kitu unanunua leo kinaweza kuwa kitu kingine kesho. Angalia gemu ya Brawl Stars, ilianza majaribio Canada Juni 2017 ukishika simu wima, katikati wakageuza yote ikawa unalaza simu, ikatoka dunia nzima Desemba 2018. Mwaka na nusu hivi, na hiyo ndio iliyofaulu. Kampuni hiyohiyo, Supercell, walifungua Clash Quest 2021 kwa nchi chache za kaskazini mwa Ulaya, Agosti 2022 wakatangaza wanaiua. Na hao wana pesa kushinda hawa wa gemu ya bro yako.

Omera_Milimani
Sawa lakini Apex Legends Mobile je? Hiyo ilitoka rasmi Mei 2022, hakuna cha Early Access, na 1 Mei 2023 seva zikazimwa. Lebo haikusaidia mtu hapo.

Lurambi_Koda
Hapo umenishika 😅 ni kweli. Lakini tofauti ni kwamba ya Early Access inaweza kufuta kila kitu umecheza hata kama gemu yenyewe inaendelea vizuri. Nyar, fungua gemu uangalie kwa matangazo ya ndani kama wameandika data itafutwa kabla ya uzinduzi. Wengi huandika, ni vile watu husukuma tu OK.

Nyar_Nyalenda
Asanteni sana. Nimenyang'anya simu nikasoma. Wameandika maendeleo yote yatafutwa kabla ya kutoka rasmi, na almasi (pesa ya ndani ya gemu) zilizonunuliwa zitarudishwa kwa akaunti iliyounganishwa. Nikimuuliza bro akaunti yake imeunganishwa na nini ananiangalia tu, kumbe anacheza kama mgeni, hajaunganisha na akaunti yoyote.

Fundi_Nax
Basi hata ungelipa hizo almasi zingerudi kwa nani? Mwambie aunganishe kwanza kama anataka kuendelea kucheza. Na wewe ingia setingi za Play Store uweke iulize pasiwadi kwa kila ununuzi. Siku ikitokea amenunua bila wewe kujua usikae wiki mbili ukinuna, omba Google warudishe ndani ya saa 48, ikipita hapo unaanza kubembeleza developa.

MtotoWaKondele
Pole kijana wa form two, nilijaribu

Nyar_Nyalenda
😂 Pasiwadi nimeweka. Tumekubaliana ataicheza bure, ikitoka rasmi na bado anaipenda tutaongea. Sasa amekuja na ingine, ati gemu inazima kila akifika daraja la pili na anataka nimsaidie kuwaandikia juu komenti haiwekeki. Inaandikwaje?

Lurambi_Koda
Hiyo ndio kitu wanataka kusikia. Kwa ukurasa wa gemu kwa Play Store shuka chini kuna mahali pa maoni ya faragha. Asiandike "gemu mbaya", hiyo haisaidii mtu. Aandike modeli ya simu, Android namba ngapi, RAM, alikuwa anafanya nini ikizima na kama inazima kila mara ama mara moja moja. Kizungu chepesi kinatosha.