Picha ya anga kutoka Igombe, programu inagoma kutambua nyota

Mwana_Igombe: Habari zenu wakuu. Nimepiga picha ufukweni Igombe, huku Mwanza, simu nimeiegemeza kwenye jiwe, sekunde 10, nimeelekea ziwani. Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kinaonekana wazi. Nimeipakia Astrometry.net, ile programu ya mtandaoni ya kutambua nyota pichani, inipe majina ya nyota na viwianishi vya angani (namba za mahali zilipo), inazunguka weee, mwisho inagoma. Bando linateketea. Simu ndiyo mbovu?

Fundi_Karabai: Simu haina kosa. Nimeikuza picha yako: huo mstari wa nukta nyeupe kule chini ni taa za wavuvi wa dagaa. Programu haijui ziwa ni nini. Inaokota kila nukta, inaanza na zenye mwanga mkali, inazipanga nnenne. Mbili zilizo mbali zaidi zinakuwa kipimo, mbili zilizobaki inasoma zimekaa wapi kati yake. Umbo hilo halibadiliki hata ukiigeuza au kuikuza picha, ndiyo maana linaweza kutafutwa kwenye faharasa iliyotengenezwa kutokana na katalogi za nyota. Sasa kwako taa zinang'aa kushinda Kilimia chote, kwa hiyo inahangaika kutafuta mitumbwi ya Kayenze huko mbinguni.

Kata picha juu ya upeo, libaki anga tupu. Iambie pia upana wa anga lililoingia pichani ni kati ya nyuzi 50 na 80, maana lensi ya simu ni pana. Usipoiambia itajaribu vipimo vyote. Na kama bando ni shida, isakinishe kwenye kompyuta, shusha mafaili ya faharasa yenye namba 4115 hadi 4119 tu. Ni mepesi, ya picha pana kama hiyo.

Nyota_Sengerema: Si asubiri mbalamwezi? Dagaa hawavuliwi, ziwa linakuwa halina taa.

Fundi_Karabai: Dada, mwezi mpevu ukiwa juu nyota hafifu zote zinamezwa. Giza letu ndilo giza lao. Akate tu.

Mwana_Igombe: Imekubali! Kilimia, ile nyota ya Aldebaran, vyote vimeandikwa. Taa moja ilibaki pembeni na haikuleta shida. Ila kuna nukta kali kuliko zote karibu na Kilimia, haina jina. Wavuvi wamepanda mbinguni?

Fundi_Karabai: Hahaha. Hiyo itakuwa sayari. Faharasa ni ya nyota, ambazo mahali pake panajulikana. Sayari zinahama, na njia yake inapita karibu na Kilimia. Weka tarehe na saa uliyopiga, tukutafutie ni ipi.