Nikiulizwa "kiasi gani?" ulimi huwa mzito: ujasiri wa kuchangisha fedha hujengwaje?

Mratibu wa Tanga aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mratibu wa asasi ndogo mkoani Tanga inayowasaidia watoto waliozaliwa na miguu kifundo, yaani nyayo zilizopinda kuelekea ndani. Matibabu yenyewe yanajulikana: mguu hunyooshwa taratibu na kufungwa plasta inayobadilishwa kila juma, kwa kawaida mara tano hadi nane, kisha mtoto huvalishwa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, mwanzoni karibu saa zote na baadaye usiku, hadi afikie umri wa miaka minne au mitano. Kinachowashinda wazazi wengi si daktari bali ni nauli ya kila juma, na hapo ndipo sisi tunapoingia. Kwa miaka sita fedha zetu zilitoka kwa mfadhili mmoja wa nje, na kazi yangu ilikuwa kuandika maandiko ya mradi na taarifa za robo mwaka, kazi niliyoimudu. Mwaka 2025 mfadhili huyo alijitoa, bodi ikaamua kwamba tuchangishe hapa hapa nyumbani, na jukumu hilo nikakabidhiwa mimi.

Juma lililopita nilimwendea mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi, mtu mwenye heshima zake hapa mjini. Alinipa kiti katikati ya mifuko ya saruji, akaagiza kahawa, akanisikiliza kwa dakika kumi bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Sasa mwanangu, mnahitaji kiasi gani?" Mkononi nilikuwa na bahasha yenye barua ya kuomba shilingi 2,000,000. Nikajikuta nasema, "Chochote utakachojaliwa, mzee." Akafungua droo, akanipa shilingi 20,000 na kuniombea dua. Nilishukuru, nikarudi ofisini na bahasha yangu ikiwa imelowa jasho.

Nilijiona kama ombaomba aliyevaa kitambulisho shingoni. Naomba kujua kwa waliotangulia: ujasiri huu hujengwa, au wapo waliozaliwa nao na sisi wengine tutafute kazi nyingine?

Mhazini Mstaafu (Arusha) alijibu:

Ndugu Mratibu, nikuulize kwanza: hujawahi kukaa katika kamati ya harusi? Nina hakika umekaa, na huenda uligawa kadi kwa watu ambao hamkuwa mmesalimiana kwa mwaka mzima, kadi zilizoandikwa waziwazi kiwango cha singo na kiwango cha dabo, ukawapigia simu mara tatu wasiotimiza ahadi, wala hukuona haya hata kidogo. Katika kamati hiyo hakuna aliyesema "chochote utakachojaliwa", kwa sababu kila mjumbe alijua bei ya ukumbi, bei ya sahani moja na idadi ya wageni. Kwa hiyo kuomba unakujua. Ulichokosa siku ile ni hesabu iliyokaa kichwani badala ya kukaa ndani ya bahasha.

Tufanye hesabu hiyo. Tuseme mama anayetoka milimani anahitaji shilingi 20,000 kwenda na kurudi, na tuchukue wastani wa safari sita. Mtoto mmoja ni shilingi 120,000. Watoto kumi na sita ni shilingi 1,920,000. Mtu mwenye kujua hilo hawezi kusema "chochote", maana chochote si idadi ya watoto. Jiandae pia kwa maswali matatu ambayo hayakosekani: tayari mnazo kiasi gani, mshahara wako unatoka wapi, na mwakani itakuwaje? La mshahara ndilo linalowatoa watu jasho. Lijibu bila kujiuma: nalipwa kiasi hiki, kutoka chanzo hiki, kwa kazi hii. Cheti cha usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 kiwe kwenye mkoba, ingawa kwa uzoefu wangu wachache sana hukiomba.

Jambo jingine ambalo bodi yako haitalipenda: wao wachange kwanza. Mimi nilipoanza kazi hii nilitumwa kuomba na wajumbe ambao hawakuwa wametoa hata senti, na nikiulizwa "ninyi wenyewe mmetoa nini?" nilikuwa natazama sakafu. Tulipoanza kuchanga wenyewe, hata kama ni kidogo, sauti yangu ilibadilika kabla sijapata mazoezi yoyote.

Mwisho, ukishataja kiasi, nyamaza. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nataja kiasi, kisha kwa woga wa ule ukimya nakipunguza mwenyewe, mara mbili au tatu, kabla mwenyeji wangu hajafungua kinywa.

Bin Pwani (Mombasa) alijibu:

Shikamoo Mzee Mhazini. Hesabu yako naikubali yote, ila mfano wa harusi nauona una kasoro. Harusini tunalipana: aliyenichangia mimi, kesho namchangia mwanawe, na majina yanaandikwa daftarini. Asasi haina mtoto wa kuoza. Mgeni akija dukani kwa mara ya kwanza na kutaja milioni mbili, mwenye duka anaweza kusikia kodi badala ya mchango. Sisi Kenya tuliijua harambee iliyojenga shule na zahanati, tukaijua pia ile ya kulazimishana, ambayo watu waliikimbia kwa kupitia mlango wa nyuma. Lakini imani ikiwapo mambo huwa tofauti: mwaka 2011, wakati wa ukame mkubwa wa kaskazini, kampeni ya Kenyans for Kenya iliweka lengo la shilingi za Kenya milioni 500 kwa majuma manne, na lengo likapitwa, huku wananchi wa kawaida wakituma walichonacho kwa simu.

Kwa hiyo naona ziara ya kwanza haikuharibika. Umeketishwa, umenyweshwa kahawa, umesikilizwa, na shilingi 20,000, kwa hesabu ya Mzee, ni safari moja kamili ya mama mmoja. Mpelekee mrejesho wa safari hiyo. Asiyerudi kushukuru, akirudi kuomba hupata taabu ya kuanza upya.

Uliza vilevile ni fedha ya aina gani. Wafanyabiashara wengi wa pwani yetu hutoa zaka, na zaka ina makundi manane yaliyotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60, wakiwamo mafukara na masikini. Nauli ya familia masikini unaweza kumweleza kwa urahisi. Kodi ya ofisi yako hutaweza, basi hiyo iombee sadaka ya kawaida au uitafutie chanzo kingine. Mtu akiona kwamba unaielewa amana aliyoibeba, hata wewe mwenyewe huachi kumtazama usoni. Na tafadhali usibebe picha za watoto wenye plasta ili kuwaliza watu. Miguu ile ni ya mtu atakayekuwa mkubwa siku moja.

Upande wa Pili wa Meza (Dar es Salaam) alijibu:

Nitasema machache, kwa kuwa mimi ni mmoja wa wanaopokea barua hizo katika kampuni ninayofanyia kazi. Sauti inayotetemeka haijawahi kutufanya tumkatalie mtu. Tunawakatalia wanaoomba jumla kubwa wasiyoweza kuigawanya, na wale tuliowapa mwaka jana tusisikie lolote mpaka mwaka huu. Tena tukisema hapana, mara nyingi ni kwa sababu fungu la mwaka limekwisha. Uliza bajeti hupangwa mwezi gani, urudi mwezi huo. Ni watu wachache mno wanaouliza hivyo.

Mratibu wa Tanga alirejea, majuma matatu baadaye:

Nawashukuru nyote. Bodi ilinuna, kisha ikachanga shilingi 400,000. Jumanne nilirudi kwa mzee. Hakuwapo, nilimngoja dakika arobaini, nikisaidiana na kijana wake kuhesabu vipande vya nondo. Alipofika nilimpa karatasi ya nusu ukurasa: shilingi 20,000 zake zilimleta mama mmoja kutoka upande wa Mlalo kwa plasta ya tatu ya mwanawe, na tiketi zote mbili nilikuwa nimezibandika chini. Aliisoma mara mbili. Akauliza, "Na ya nne kalipa nani?"

Nilimwambia kwamba bado, kwamba orodha yetu ina watoto kumi na sita, inahitaji shilingi 1,920,000, bodi imetoa 400,000, yeye ametoa 20,000, na zimebaki 1,500,000. Kisha nikanyamaza. Wakati huo huo akaingia mteja wa misumari ya inchi nne, akahudumiwa, akabishania bei, akaondoka, na mimi bado nimenyamaza. Sijapata kungoja muda mrefu kiasi kile.

Alitoa shilingi 500,000, akasisitiza kwamba ni zaka na ziende kwenye nauli tu, akaniandikia namba ya simu ya shemeji yake aliyeko Muheza. Sauti ilitetemeka mwanzo hadi mwisho, Upande wa Pili, kwa hiyo nafarijika kusikia kwamba haidhuru. Muheza nakwenda keshokutwa. Bin Pwani, nikuulize moja: fedha hizo za zaka nizifungulie akaunti ya peke yake benki, au daftari la pembeni linatosha?